Nani Atamwandikia Fundi Tanzia?

Washairi wetu wana deni, na wanaowadai si wafalme wala mawaziri. Wakubwa walikwisha kulipwa, tena kwa riba. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, magazeti ya Kiswahili yalichapa tanzia juu ya tanzia, na hakuna wa kulaumiwa, kwani msiba ule ulikuwa wa nchi nzima. Lakini akifa fundi wa magari wa Wete, Mkoani au Mkokotoni, mtu aliyezitunza gari za abiria kwa miaka thelathini na kulea watoto na wajukuu kwa mikono yake miwili, hapati hata ubeti mmoja. Husomewa khitma, tanga likaanuliwa, na sanduku lake la spana likauzwa. Nasema hii ni kasoro, tena ni kasoro ya sanaa kabla haijawa ya adabu.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kuwa maiti wa Kiislamu haki yake ni dua, na dua amepata. Ya nini kumtungia mashairi? Naafiki kwamba dua ndiyo haki yake ya kwanza. Walakini dua tunampelekea Mola, naye hana haja ya kukumbushwa mja wake alikuwa nani. Tanzia huandikiwa sisi tuliobaki, ambao kusahau ndiyo tabia yetu. Tena wenye hoja hii sijawasikia wakiitoa anapokufa waziri.

Wengine watasema kuwa maisha ya fundi hayana la kusimulia. Hao hawajapata kukaa gerejini. Natoa mfano wa mmoja niliyeishi naye mtaa mmoja katika mji mdogo wa Pemba; jina lake naliacha kwa kuwastahi wenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu nchini, kipuri kipya kilikuwa ndoto. Gasketi ikiungua, mzee huyu hakungoja meli. Alilaza boksi gumu juu ya chuma chenyewe, akaligonga taratibu kwa nyundo ndogo pembeni mwa kila tundu, mpaka umbo likajikata. Pointi zikiungua, alizisugua kwa msasa. Alipotaka kujua beringi ipi imekufa, aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayounguruma na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akanyoosha kidole. Hewa ya chumvi ilikuwa ikila bodi, vilima vya Pemba vikila breki na klachi, naye ndiye aliyesimama kati ya abiria na bonde. Mama mjamzito aliyewahishwa hospitali ya Chake Chake usiku hakujua kuwa aliyemfikisha ni yule aliyeshinda chali chini ya gari ile mchana kutwa.

Na nyumbani je? Tanzia zetu zingesema alikuwa mume mwema na baba mwenye huruma, zikapita. Mimi nataka kujua wema huo ulikuwa na sura gani. Huyu hakuwa akiingia ndani na ovaroli yake. Aliivua uani, akasugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na mchanga, ndipo akampokea mtoto. Na juu ya hivyo, weusi wa kwenye kucha haukumtoka hata siku ya Idi. Mkewe ndiye aliyekuwa daftari lake. Wenye gari walikuwa wakilipa msimu wa karafuu, na bibi yule alihifadhi kichwani nani anadaiwa nini, wala hakukosea. Watoto wa kike walisomeshwa kwa fedha ile ile iliyowasomesha wa kiume. Vijana wa watu waliokuja kujifunza kazi walikula sinia moja na wanawe. Hayo ndiyo maisha ya mtu; "mume mwema" ni anwani tu, na barua yenyewe haijaandikwa.

Hapa ndipo ulipo ugomvi wangu na wenzangu wa fani. Tanzia zetu zimekuwa kama jeneza la msikiti: leo limembeba huyu, kesho litambeba yule, nalo halijui tofauti. Mbuyu umeanguka, taa imezimika, nyota imetoweka. Badilisha jina katika ubeti wa kwanza, vina na mizani vitabaki salama, na shairi litamfaa marehemu mwingine. Shairi linalomfaa kila maiti halimlilii yeyote. Kwa mkubwa, upungufu huo hauonekani sana, maana habari zake zimo vitabuni na picha zake zimo ukutani. Kwa fundi, shairi ndilo lingekuwa kitabu chake pekee.

Husemwa pia kuwa maneno ya gereji hayana utamu wa kishairi. Spana, plagi na kabureta vitakaaje karibu na maneno ya wahenga? Anayesema hivi haijui historia ya maneno anayoyaheshimu. Parafujo, roda na bomba tuliyachukua kwa Wareno, na leo hakuna anayeyaita ya kigeni. Usukani anaoushika dereva ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari, na kuegesha kulikuwa kwa majahazi kabla hakujawa kwa mabasi. Bahari iliikopesha barabara maneno yake, wala hayakuchujuka. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri, naongeza hili: katika Kiingereza, jina la mtu huyu humfunga kwenye mashine yake. Sisi tunamwita fundi, neno la ukoo mmoja na kufunda na kufundisha. Lugha yenyewe ilikwisha kumheshimu. Waliochelewa ni washairi.

Wala ninalolidai si jambo geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliyatia katika mashairi mambo ya mtaani na ya nyumbani, na hakushuka daraja kwa hilo. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji wake. Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli iliyotoka mwaka 1979, aliwafanya wachukuzi wa bandari ya Unguja kuwa watu wenye majina, hasira na matumaini. Nathari imekwisha kuteremka bandarini. Ushairi bado unangoja kualikwa ikulu.

Basi nawaomba wahariri wa kurasa za mashairi wawe wakali. Tanzia ikija, iwe ya mkubwa au ya mdogo, waulize: yamo humu mambo matatu ambayo hayawezi kusemwa juu ya maiti mwingine? Yakikosekana, irudishwe kwa mwenyewe. Nao malenga nawaomba, kabla hawajashika kalamu, waende kwa mjane, waende kwa utingo wa zamani na kwa kijana aliyefundwa kazi, wakaulize mzee alikuwa akiishikaje nyundo. Waende mapema, kwa kuwa mashahidi hawa nao wamezeeka, na vijana wengi walioshika kazi hii leo wanafungua gari zilizotumika Japani na kuzifunga kwa vipuri vya dukani. Gasketi ya boksi hawajapata kuiona. Akishakufa wa mwisho aliyeuona mkono ule ukifanya kazi, vina tutakuwa navyo, mizani tutakuwa nayo, na la kusema hatutakuwa nalo.