Mgeni Kaingia Tangini, Mwenyeji Kabadilika

Mwezi huu tunabaki sebuleni, kwenye lile tangi la kioo ambalo vijana wengi wa mjini wanapenda kuliweka karibu na tivii. Raha yake unaijua: umetoka kazini hoi, unakaa na mwenzio kwenye kochi, mnatazama samaki wakipita taratibu na hakuna anayewadai kitu.

Chukua mfano wa wanandoa wapya pale Kihonda, Morogoro. Tangi lao lina samaki watano wa Ziwa Tanganyika, na mwaka mzima hapajatokea ugomvi. Mume anakwenda Dar kikazi, anarudi na wawili wapya kwenye mfuko wa nailoni, rangi zao balaa. Jioni wanawatia tangini. Asubuhi mgeni mmoja amejibana juu karibu na pampu, mapezi yamechanika, na yule dume mpole waliyemzoea anafukuza kila kinachotikisika. "Baba, umetuletea wakorofi," mke analalamika. Anawaonea bure wageni wa watu. Ukali ulikuwepo siku zote, ila mwenye nao hakuwa na wa kumwonyesha.

Samaki hawa ni ukoo mmoja na perege wetu, sato wa Mwanza na kuhe wa Kigoma. Kitaalamu wanaitwa sikilidi. Wengi wao, dume akishajipatia pango au kichuguu cha mchanga, hapo ni kwake, na kila mkazi anajua mpaka wake. Ukileta sura mpya, mipaka yote inajadiliwa upya, na mjadala wenyewe ni wa meno.

Kuna mmoja wa Ziwa Tanganyika na mito inayoingia humo, anaitwa Astatotilapia burtoni, ambaye Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alimchunguza kwa miaka mingi. Dume mwenye eneo anang'aa, njano au bluu, na mstari mweusi unapita jichoni. Dume asiye na eneo amepauka, utadhani jike. Mwondoe bosi, na ndani ya dakika chache mnyonge anaanza kuwaka rangi na kutamba. Mlete dume mkubwa kuliko bosi, na bosi anafifia. Akikaa chini wiki kadhaa, hata korodani zake zinasinyaa. Kwa hiyo ukiona samaki wako kapoteza rangi baada ya ujio wa mgeni, usikimbilie dawa. Huenda kashushwa cheo tu.

Na wambea wapo. Mwaka 2007 Fernald na wenzake walionyesha kwamba madume hawa wakitazama tu mapigano ya wengine wanaweza kukisia nani mbabe wa nani. Mgeni akipigwa mbele ya watu siku ya kwanza, basi mtaa mzima umeshajua.

Wenye ndoa mtawapenda zaidi Neolamprologus pulcher, wa Tanganyika pia. Mume na mke wanaishi na wasaidizi wadogo wanaolinda mayai na kuchimba mchanga, kama nyumba zetu zenye shemeji, wifi na binamu aliyekuja kutafuta kazi. Akitokea mgeni, jike mwenye nyumba humkabili zaidi jike mwenzake, na dume humkabili dume. Sina la kuongeza hapo.

Tena kuna utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019, juu ya sikilidi wa Amerika ya Kati anayeishi na mwenzi mmoja. Majike walifundishwa kwamba kisanduku cha rangi fulani kina chakula na cha rangi nyingine hakina, kisha wakapewa cha rangi ya katikati. Jike aliyepewa dume asiyemchagua alisitasita kukifungua, kama mtu aliyekata tamaa mapema. Fikiria hilo kabla hujabadilisha dume kwa sababu tu mpya ana mkia mzuri.

Sasa ufanyeje? Mgeni akae kwanza peke yake wiki mbili au tatu, asije akaleta maradhi. Siku ya kumwingiza, hamisha mawe yote, hata yale uliyoyapanga ukayapiga picha. Mwenyeji akikuta pango lake halipo, naye anakuwa mgeni, na hana pa kulinda. Zima taa, walishe wenyeji kwanza, na ukiweza ingiza wageni kadhaa kwa pamoja ili kipigo kisimwangukie mmoja. Lakini usimwage maji yote siku hiyo. Perege wanapeana habari za cheo kwa mkojo (ndiyo, mkojo!), na kwa sato imeonekana kwamba kubadilisha maji kunaongeza ugomvi. Kisha tazama: anayehema haraka, hali, na mapezi yameshikana mwilini, mtoe usiku huohuo. Beseni kubwa, pampu ndogo na kipande cha bomba la kujifichia vinatosha.

Ila asiishie mtoni. Hapa ndipo naomba wa Morogoro wanisikilize. Vijito vya Uluguru vinaingia Ngerengere na Ruvu, maji ambayo Morogoro na Dar wanakunywa, na humo yumo perege wa asili, Oreochromis urolepis. Ndugu zake wa Mto Wami wana jina kubwa kwa wafugaji wa samaki duniani, kwa kuwa dume wao akipandishwa na jike wa aina nyingine fulani za perege, watoto karibu wote huwa madume. Hiyo ni mali yetu, na tayari imebanwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta sato na perege wengine wa kupandikizwa wameenea kwenye mabonde mengi ya mito nchini, na sato huzaana na perege wenyeji. Samaki wako aliyeshindwa sebuleni anaweza kushinda huko, na huko hakuna wa kumtoa kwa kichujio. Mrudishie muuzaji hata bure, au mpe rafiki mwenye tangi. Ukikwama, SUA wako hapohapo mjini na ufugaji wa samaki wanaufundisha; wapelekee swali.