Usizibe kwa saruji, rudisha mchanga

UANI KWETU
Na Zuhura Kilindo

Jiji la Dar es Salaam limeingia kwenye pevingi kwa nguvu, na mimi nafurahi. Tope limepungua mlangoni, vumbi haliingii sebuleni kama zamani, wazee na watoto wanatembea pakavu hata katikati ya masika. Ugomvi wangu ni wa baadaye. Fundi akishalipwa na kuondoka, uwanja unaachwa ujitunze wenyewe, na miaka michache mbele umeshakuwa mabonde na vitofali vinavyocheza ukivikanyaga. Hapo lawama zote anabebeshwa fundi. Wapo mafundi wabovu, sikatai, lakini viwanja vingi vinaharibiwa na wenye nyumba.

Watu wengi wanadhani kitofali kinakaa mahali pake kwa uzito wake. Kinachokishika ni mchanga. Chini kabisa kuna kifusi au moramu iliyoshindiliwa, juu yake tabaka la mchanga au vumbi la kokoto la sentimita 3 hadi 5, kisha vitofali vinapangwa vikiachiana jointi ya milimita 2 hadi 5. Jointi hizo zinajazwa mchanga laini mkavu mpaka zishibe. Tairi likikanyaga kitofali kimoja, mchanga wa pembeni unakibana, na mzigo unagawanywa kwa vitofali jirani. Mchanga ukiisha, kila kitofali kinabeba peke yake. Kinacheza, kinagongana na mwenzake, kona zinamegeka, na maji yanapata njia ya kushuka na kuhamisha mchanga wa chini. Bonde linaanzia hapo.

Mchanga huo tunauondoa wenyewe, kila asubuhi, kwa mpira wa maji. Badala ya kushika fagio la chelewa, tunafungulia bomba na kuusukuma uchafu kwa presha hadi getini. Chuchumaa siku moja pale gari linapooshwa uangalie: jointi ziko tupu, ncha ya funguo inazama, na mchanga uliokuwa ndani yake umelala kwenye mtaro. Sisimizi nao hawako nyuma. Vile vichuguu vidogo tunavyovifagia kila siku ni mchanga waliouchimba kwenye jointi. Kuvifagia na kuutupa mchanga huo nje ni kuwasaidia kazi.

Halafu anatokea mshauri: "Tuzibe kwa saruji, yaishe." Tafadhali, mkatalieni. Saruji inavigandisha vitofali viwe bamba moja gumu juu ya kitanda ambacho bado kinatikisika. Bamba linapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na kutoka hayatoki. Siku bomba likipasuka chini yake, vitofali havifunguki bila kuvunjika. Uzuri mkubwa wa pevingi, kuliko hata sura yake, ni kwamba inafunuliwa, tatizo linatengenezwa, na vitofali vilevile vinarudishwa.

Dawa ni mchanga. Chagua siku ya jua, uwanja umekauka kabisa. Tumia mchanga laini uliochekechwa, wala usiwe wa baharini, maana chumvi yake inatoa madoa meupe. Mwaga, fagia kwa mshazari mpaka jointi zijae, na wiki inayofuata rudia, kwa sababu ule wa kwanza utakuwa umeshuka. Majani yaliyoota yang'oe kabla hujamwaga. Mengi yanatokana na mbegu zilizoletwa na upepo na kutua juu, kwa hiyo jointi iliyoshiba inayapa shida kuota.

Palipokwisha bonyea panahitaji kazi zaidi. Chomoa vitofali kwa bisibisi mbili, uvuke kidogo mpaka wa bonde, kisha utafute chanzo. Mara nyingi utakuta mfereji wa bomba uliofukiwa haraka haraka, au bomba linavuja taratibu. Tengeneza, jaza na kushindilia kidogo kidogo, tandaza mchanga upya, rudisha vitofali. Ukiongeza mchanga tu juu ya udongo uliolegea, utafunua tena baada ya mvua.

Sasa niseme kuhusu boza, kwa sababu hapa watu wanajiletea hasara kubwa. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, gari lenyewe halijahesabiwa. Vitofali vya sentimita 6 tulivyoweka wengi wetu ni vya miguu na magari madogo. Njia ya gari zito inataka vya sentimita 8 na msingi mnene zaidi. Kama umeshaweka vya 6, boza lisimame nje ya geti, mpira uvutwe ndani. La muhimu zaidi, gari zito lisipite kabisa juu ya karo. Mfuniko wa karo ukifunikwa na pevingi hauonekani, na dereva mgeni hawezi kujua upo. Uweke alama.

Utelezi wa kijani unaoota upande usio na jua, au chini ya tangi linalofurika, nao usidharauliwe. Mtu mzima akianguka pale anaweza kuvunjika nyonga. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, punguza matawi jua lipite, na tengeneza boya la tangi. Asidi ya kusafishia choo usiiguse kwa kazi hii: inakula saruji ya kitofali, uso unabaki na vishimo, na uchafu unashika zaidi ya mwanzo.

Kuna jambo linalonikera kuliko yote. Uwanja unatakiwa uwe na mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, ila wengi tunauelekeza kwa jirani wa bondeni. Tunafunika ukuta hadi ukuta, hadi shina la mwarobaini linanyongwa, kisha maji yote ya paa na ya uwanja yanamwagikia mlangoni kwa mwenzetu. Jiji lililoona mafuriko ya Desemba 2011 halipaswi kuvumilia hili. Bakizeni ukanda wa udongo na bustani upande wa chini, maji yapate pa kuzama.

Vuli inaanza Oktoba. Wenye nyumba, nawaomba mnunue mchanga mapema mkiwa na jua la kuufagilia, na mwanzie pale gari linapooshwa na pale maji ya paa yanapodondokea.