Reli isiyosimama vijijini ni ya nani?

Mgeni aliyeishi ughaibuni kwa miaka kadhaa huwa na njia nyingi za kuaga anapofungasha virago kurejea kwao. Kuna wanaofanya karamu, na kuna wanaozunguka madukani wakinunua vyombo vya kujaza kasha la meli. Mimi, mkataba wangu wa kufundisha Kiswahili nchini Ujerumani ulipokaribia kumalizika katikati ya mwaka wa 2025, niliamua kuaga kwa garimoshi. Nililipa yuro 58, ambazo wakati huo zilikuwa karibu shilingi 8,700 za Kenya, nikapata tikiti ya mwezi mzima ya kupanda treni, tramu na mabasi ya mijini kote nchini humo.

Tikiti hiyo ina masharti yake, na sharti moja ndilo lililozaa makala haya: hairuhusu treni za kasi. Mwenye tikiti hiyo hupanda treni za mikoa, zile zisimamazo katika kila kijiji chenye kanisa na kiwanda cha mbao. Basi nikaaga nchi nzima polepole, stesheni baada ya stesheni.

Asili ya tikiti yenyewe ni siasa za bei ya mafuta. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Ujerumani iliwapunguzia raia makali ya maisha kwa kuwauzia tikiti ya yuro 9 kwa mwezi, kuanzia Juni hadi Agosti. Watu waliipenda mno hata ikawa vigumu kuwanyang'anya. Mei 2023 ikazaliwa ya kudumu kwa yuro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na kufikia 63 Januari 2026. Wananung'unika, na wana haki ya kunung'unika. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuifuta.

Makao yangu yalikuwa Bayreuth, mji wa wastani kaskazini mwa jimbo la Bavaria. Reli itokayo Nuremberg kuelekea huko haijatandazwa nyaya za umeme hadi leo, kwa hivyo treni zake ni za dizeli. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaambia kwamba neno "garimoshi", walilolidhania kuwa la kale, lilikuwa na maana yake kamili nyuma ya mabweni yao. Neno lenyewe lina nasaba ya kuvutia. "Gari" lilitujia kutoka Bara Hindi na "moshi" ni letu sisi Wabantu. Na walioitandika reli ya kwetu kutoka Mombasa kuanzia 1896 walikuwa vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi hiyo hiyo. Njiani kuna stesheni iitwayo Pegnitz ambako treni hukatwa vipande viwili, kimoja kikaelekea Bayreuth na kingine Hof. Ukisinzia katika behewa lisilo lako utaamkia mji mwingine.

Kutoka Hof nilielekea Dresden, nikavuka daraja la bonde la Göltzsch, lililojengwa kati ya 1846 na 1851 kwa matofali zaidi ya milioni 26. Lina urefu wa mita 78 kwenda juu. Treni ya mkoa hulipita bila mbwembwe yoyote, na abiria wengi hata hawainui macho kutoka kwenye simu zao.

Lakini lililonigusa zaidi lilikuwa mbele, mashariki kabisa ya nchi, karibu na mpaka wa Poland. Huko wanaishi Wasorbi, kabila dogo la Kislavi linalokadiriwa kuwa na watu 60,000 hivi. Wanaoizungumza lugha ya wahenga wao ni wachache kuliko hao. Mwaka 1937 utawala wa Hitler ulikipiga marufuku chama chao, Domowina, na kuisukuma lugha yao nje ya maisha ya hadhara. Baadaye machimbo ya makaa ya mawe yakameza vijiji vyao vingi. Leo katiba za majimbo ya Saxony na Brandenburg zinawatambua, na abiria anayeshuka Bautzen husoma ubaoni jina la pili la mji huo: Budyšin. Ukifika Cottbus unasoma Chóśebuz.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba ubao wa stesheni hauiokoi lugha. Kisorbi cha Chini, kinachozungumzwa pande za Cottbus, kimo hatarini licha ya mbao zote hizo. Hata hivyo nilibaki kulitazama jina lile la Budyšin kwa muda, nikitafakari jambo la kawaida kabisa: jina hilo liko pale kwa sababu treni husimama pale. Treni isiyosimama haina haja ya kulijua jina la mahali.

Mimi ni Mtaita. Lugha ya mama yangu ni Kidawida, nayo ni lugha ndogo, na reli ya kwetu ina uhusiano na Wajerumani kuliko wengi wanavyofahamu. Mwaka 1914 majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta. Ili kuwakabili, Waingereza walitandika reli kutoka Voi kupitia Mwatate, Bura na Maktau, na hatimaye wakaiunganisha na reli ya Wajerumani ya kutoka Tanga hadi Moshi. Reli za mahasimu wawili zikawa njia moja. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, shirika la reli likagawanywa, na njia ile ikakosa mwenyewe. Leo hakuna treni ya abiria kati ya Voi na Taveta. Wajerumani nao walikuwa na reli zilizokatwa na mpaka wa Mashariki na Magharibi. Kadhaa kati ya hizo waliziunganisha tena baada ya 1990.

Tangu nirejee, mjadala ninaousikia nchini kuhusu reli ni wa mambo mawili tu, nayo ni kasi na deni. Hayo ni muhimu. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 300, nyingi zikiwa mkopo wa China, na tutazilipa sisi na wanafunzi wetu. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Lakini ni nani anayeuliza kuhusu Maungu au Mackinnon Road? Treni ya abiria ya reli ya zamani ilipokoma mwaka huo huo wa 2017, vituo kama hivyo vilifutika katika ramani ya msafiri. Mkaazi wa huko huiona treni ikipita, naye anasubiri matatu kando ya barabara kuu inayoogopwa kwa ajali.

Nisieleweke vibaya. Reli mpya imewafaa wengi, na ipo treni moja ya kutwa inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mwanafunzi wa Voi husafiri kwa amani kuliko nilivyosafiri mimi nikiwa na umri wake. Tatizo ni kwamba reli hiyo haijashikana na kitu. Stesheni zake kuu ziko Syokimau na Miritini, mbali na katikati ya miji, na akishuka Voi mtu wa Taveta huanza safari nyingine isiyohusiana kabisa na ile ya kwanza, kwa tikiti nyingine na kwa bahati.

Wala Ujerumani si pepo. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati, na tangu shirika lao la reli lifanyiwe mageuzi mwaka 1994 zaidi ya kilomita 5,000 za njia zimefungwa. Wao pia walihesabu faida ya kila stesheni ndogo peke yake, wakaona haipo, wakang'oa. Sasa wanatumia fedha na miaka kurejesha baadhi ya walivyong'oa. Hesabu ya namna hiyo ndiyo ninayoihofia hapa, kwa kuwa Bura haiwezi kuonyesha faida ikihesabiwa bila Mwatate, Voi na Moshi.

Serikali imetangaza nia ya kuiendeleza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba. Tutaonyeshwa michoro ya madaraja na mahandaki, na magazeti yatapiga hesabu ya saa zitakazookolewa. Walimu wa Jiografia watawapa wanafunzi ramani mpya ya kuchora. Ningewaomba waulize, mapema na kwa sauti, orodha ya vituo: treni itasimama wapi kati ya Narok na Kisumu, mara ngapi kwa siku, na anayeshuka hapo ataendelea na safari yake kwa chombo gani.