Gitaa la Besi: Je, Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wapo wapigaji wa gitaa la besi wanaoshikilia kuwa chombo kilichoundwa kwa mkono katika karakana ndogo chakipita kwa kila hali kile cha kiwandani. Kwa imani hiyo, huwa radhi kulipa bei iliyo maradufu kadhaa. Dai hili lafaa kupimwa.

Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa besi ya Precision mwaka wa 1951, ikakusudia kuiunda kwa wingi. James Jamerson alitumia besi ya aina hiyo, ya mwaka wa 1962, katika rekodi nyingi za Motown mjini Detroit, akicharaza kwa kidole kimoja tu cha shahada. Jaco Pastorius naye alivuma kwa Jazz Bass ya kampuni iyo hiyo, iliyong'olewa vyuma vya shingoni.

Hata hivyo, si haki kuwabeza mafundi wa karakana. Anthony Jackson alipotamani besi ya nyuzi sita, yenye kushuka chini zaidi ya ile ya kawaida, ilimbidi amwendee fundi Carl Thompson, aliyemwundia mwaka wa 1975.

Jackson alikwenda kwa fundi akiwa tayari anaijua sauti aliyoikosa. Mpigaji mwenye haja ya namna hiyo hapotezi fedha zake. Yule ambaye bado hajaitambua sauti yake, na anunue besi ya kiwandani, kisha salio alipie mafunzo.