Nyumba za Bibi Zetu

Wengi wetu wa Namanyere na Ufipa yote tukifika Dar es Salaam huwa tumefuata arusi, mahafali ya mtoto au matibabu ya mgonjwa. Shughuli ikiisha twakimbilia Kariakoo kutafuta vitenge na sufuria, kisha twapanda basi kurudi. Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ni mzigo. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwaelezeni mahali pamoja pa kupitia kabla ya kurudi, hasa mkiwa na watoto.

Ni Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo. Hata kituo cha daladala cha hapo kinaitwa Makumbusho. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1966, nacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Hapo mgeni hutembea kati ya nyumba za asili za makabila yetu. Upo msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo, na nyumba ya Wachaga iliyoezekwa nyasi mpaka chini. Sisi Wafipa nasi tumo.

Mtoto aliyezaliwa chini ya bati ataingia humo akiinama, kisha maswali yataanza. Moshi ulitokea wapi? Kwa nini ng'ombe walilala ndani na watu? Bibi alihifadhi wapi ulezi usiliwe na panya? Mama asipokuwa na jibu, asione haya, bali aliweke swali moyoni na kwenda nalo nyumbani kwa wazee.

Tukumbuke kwamba nyumba ya miti, udongo na nyasi haidumu kwa kufungwa kufuli. Mvua huibomoa na mchwa huila. Ili isimame miaka mingi, lazima awepo mtu ajuaye kuikarabati na kuiezeka upya. Akifa bila kumfundisha mwingine, nyumba nayo yamfuata.

Ushahidi tunao hapa hapa Nkasi. Nani kati yetu hajasikia habari za malungu, zile tanuru kuukuu za kuyeyushia chuma? Babu zetu walijenga ilungu kwa udongo wa kichuguu, likifikia urefu wa kama mita 3, na matundu chini ya kupitishia hewa. Walijaza makaa na mawe ya chuma, wakaliacha liwake siku kadhaa bila mivukuto. Kilichotoka kilisafishwa katika tanuru ndogo iliyoitwa kintengwe, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe. Majembe hayo yalilima mashamba yetu na kulipa mahari za bibi zetu.

Jambo la kushangaza ni hili: ilungu lilihesabiwa kama bibi arusi, na chuma kama mtoto anayezaliwa, lakini wanawake wenyewe walikatazwa kusogea! Kazi hiyo ilizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea. Malungu yaliyobaki yanamomonyoka kwa mvua.

Huenda mama mmoja akauliza: "Sisi Wakristo tunahusikaje na mambo yenye dawa na miiko?" Swali ni zuri. Mwaka 1914 Padre Wyckaert, mmisionari wa huku Tanganyika, aliandika juu ya wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Maana yake ni kwamba walikuwepo wazee wetu waliopokea ubatizo bila kuitupa nyundo. Nasi twaweza kuziacha dawa na kuutunza ujuzi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mama amketishe mtoto wake karibu na bibi au babu, na daftari mkononi. Waulize nyumba ilijengwaje, ulezi ulihifadhiwaje, na kwa nini majani hufukiwa ndani ya matuta yetu ya mviringo kabla ya kupanda. Waandike na majina ya Kifipa, maana jina likisahauliwa, kitu chenyewe hakitafutwi tena. Pili, ilungu likiwa shambani mwetu, tuwaombe waume na vijana wetu walizunguke kwa jembe, wasilibomoe. Tatu, tuwaombe walimu wawapeleke watoto kuliona.

Na wewe utakayejaliwa kufika Dar es Salaam, tenga asubuhi moja. Ukirudi, wasimulie wenzako kwenye jumuiya yale uliyoyaona, nao watakusimulia waliyoyasikia kwa wakwe zao.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.