MASHAURI YA NYUMBANI: Jina Lililochafuka kwa Deni



Baba mmoja wa jamaa alitujia na shida yake. Alikuwa amekopa fedha katika chama cha akiba na mkopo, akalipa miezi mitatu, kisha akanyamaza. Kila alipomwona karani wa chama sokoni, alipita njia nyingine. Sasa mwanawe ataka kuingia masomo ya juu. Baba ameomba mkopo mpya, naye amekataliwa. «Nusu nimekwisha kuilipa,» asema, «mbona hawaniamini?»

Ndugu, hawakuamini kwa sababu ulijificha. Umaskini si aibu, wala kukawia kwa ajili ya ugonjwa si wizi. Lakini anayemkimbia mdai wake aliharibu jina lake mwenyewe.

Mwaka 1900, mjini Lévis katika nchi ya Kanada, Alphonse Desjardins na mkewe Dorimène walianzisha chama cha namna hiyo, mapadri wakiwasaidia. Siku ya kwanza ya kupokea akiba, Januari 1901, walipata dola 26 na senti 40 tu. Mkopaji alipimwa kwanza kwa mwenendo wake, maana majirani walimjua. Na fedha alizokopeshwa zilikuwa akiba ya majirani hao hao. Basi fahamu: deni lako si la karani. Ni fedha za mjane auzaye samaki, aliyeziweka kwa jasho lake.

Ufanyeje? Kwanza, keti na mke wako, mwandike madeni yote katika daftari, hata lile la duka la jirani. Pili, nenda kwa mdai kabla hajaja kwako, mpatane kiasi unachokiweza. Afadhali kuleta dola 5 kila mwezi bila kukosa, kuliko kuahidi 20 na kuzileta mara moja tu. Tatu, usikope kwa mwenye riba kali ili umlipe mwingine. Wape wote kile mlichopatana, na kinachobaki ukitie katika deni lenye riba kubwa kuliko yote. Kila hati ya malipo uitunze. Nne, weka akiba kidogo, homa ya mtoto isije ikakurudisha kwa mkopeshaji. Mwisho, ukimaliza, omba barua ya kushuhudia kwamba hudaiwi tena. Kisha, ikiwa pana haja, kopa kidogo, ulipe kwa siku yake. Hivyo ndivyo jina linavyosafishwa.

Kazi hiyo haiishi kwa mwezi mmoja. Pengine mwanao atangoja mwaka mzima. Ni uchungu kumwambia, lakini usimfiche: mwite, umwonyeshe daftari. Kijana amwonaye baba yake akilipa kwa uaminifu amekwisha kupata urithi.

Zakayo hakutosheka kusikitika; aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Wewe huombwi mara nne. Waombwa mara moja tu, lakini yote. Karani akionekana sokoni kesho, usigeuze njia. Msalimu.