Wacheni Kumuita "Supa Mama", Mpeni Kiti

Kuna hii tabia yetu ya mtandaoni. Video ya mama amebeba mtoto mwenye ulemavu mgongoni ikipita, tunaijaza mioyo. "Supa mama!" "Mungu hampi mtu mzigo asioweza." Kesho yake mama huyohuyo anasimama steji na mtoto wa miaka minne na kiti cha magurudumu, mathree tatu zinampita sisi tukiwa ndani, na hakuna mtu anafungua mdomo. Mimi naona hizo sifa ni njia ya kukwepa. Ukishamuita shujaa, hudaiwi kitu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme nauli ni mia. Kondaa anataka alipie kiti cha pili juu ya kile kiti cha magurudumu. Hiyo ni mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Kliniki ya tiba ya viungo ni mara mbili kwa wiki, so kwa wiki nne ni 3,200. Hajanunua dawa, hajanunua nepi, na siku za kliniki haendi kibarua. Pesa za Inua Jamii kwa mwenye ulemavu mkubwa ni 2,000 kwa mwezi, na si kila familia iko kwa orodha. Sasa niambie, nguvu za mama zinajaza hiyo pengo aje?

Na si eti anaweza kuruka kliniki tu. Mtindio wa ubongo si laana, na si uchawi wa shosho. Ni jeraha la ubongo unaokua: mtoto anaweza kukosa hewa akizaliwa, au kupata umanjano mkali, au homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini misuli isiponyooshwa inakaza na viungo vinapinda. Tiba haimponyi, inamsaidia kukaa, kumeza, kushika kijiko. Na miaka ya kwanza ndiyo ya maana zaidi, juu ubongo bado unajipanga. Kila siku mat inampita, ni siku mtoto amepoteza.

Serikali nayo? Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Ukisoma vizuri, hiyo ni ya miaka 5 kwenda juu. Yaani mtoto aliye kwa ile miaka tiba inasaidia sana, hayuko hata kwa hesabu.

Na sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja usafiri wa umma wazi kabisa. Nyumbani kwetu hatukukijua mpaka dadangu alipoteremshwa mat na mtoto wake, eti "anachelewesha abiria". Abiria walikuwa kumi na watatu. Wote kimya.

Najua kuna mtu atasema kondaa pia anatafuta, mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Ni ukweli. Lakini mbona mwenye kulipia hiyo shida ni yule mwenye pesa kidogo kuliko wote ndani ya gari? Dakika mbili za kukunja kiti cha magurudumu hazijawahi kufilisisha sacco.

Na wanaume wenzangu, tuongee. Ile "kwetu hatuna watoto kama hawa", alafu jamaa anahama na kubadilisha namba, si maumivu. Ni kutoroka. Damu ni ya wawili, basi foleni ya kliniki pia iwe ya wawili.

So ukimuona steji, weka simu mfukoni. Mwambie kondaa asimame. Kunja hicho kiti, pakata mtoto kama mama amekubali, na ukisikia anadaiwa viti viwili, ongea kwa sauti hadi wengine waongee. Gari likikataa, piga picha ya namba yake na uipeleke kwa ofisi ya sacco.

Mioyo ya mtandaoni hailipi nauli.